Mkojo Kuchuruzika Si Kukojoa: Dhana Potofu Kuhusu Mbwa na Paka Waliopooza

Mbwa koko kagongwa na bodaboda, miguu ya nyuma imekufa ganzi, msamaria kamwokota. Swali la kwanza linalofika kliniki ni lile lile kila mara: kigari, yaani fremu yenye magurudumu inayobeba sehemu ya nyuma ya mbwa, kinapatikana wapi? Kigari kina faida yake, lakini mbwa hukaa ndani yake saa moja au mbili tu kwa siku. Saa zinazobaki ndizo zinazoamua kama ataishi, na humo ndimo imani potofu zinapoua.

"Daktari, huyu anakojoa mwenyewe"

Hakuna kauli inayotuchosha kama hii, kwa sababu husemwa kwa furaha. Mwenye mbwa anaona tambara limelowa, sakafu imelowa, kila akimwinua mkojo unachuruzika, basi anaamini kibofu ni kizima. Ukishika tumbo unakutana na kitu kigumu cha ukubwa wa chungwa au zaidi. Kibofu kimejaa pomoni. Fikiria tangi la maji juu ya mnara: maji yakimwagika ukingoni maana yake tangi limejaa.

Uti wa mgongo ukiumia, ubongo haupati tena habari za kibofu. Jeraha likiwa kwenye pingili za kifua au mwanzo wa kiuno, misuli inayofunga njia ya mkojo hukaza, na mkojo hutoka kwa shida hata ukikamua. Likiwa chini zaidi, karibu na nyonga, misuli hiyo hulegea na mkojo huvuja muda wote. Kwa vyovyote vile, mwingi hubaki ndani. Msuli wa kibofu ukitanuliwa hivyo kwa siku kadhaa hupoteza nguvu ya kujikunja, na huenda isirudi hata mishipa ya fahamu ikipona. Mkojo uliotuama huzaa bakteria, bakteria hupanda hadi kwenye figo. Mbwa asiyehisi upande huo halii. Utakachoona ni mkojo wenye harufu kali, uliochafuka au wenye damu, kisha homa na kukataa chakula.

Dawa ya haya ni kukamua kibofu kwa mikono, mara 3 au 4 kwa siku. Panga saa zisizobadilika: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, na saa 5 usiku kabla ya kulala. Mbwa asimamishwe akiwa ameshikiliwa, au alale ubavu. Weka viganja viwili bapa pande zote za tumbo, mbele kidogo ya mapaja. Papasa taratibu mpaka uhisi kitu cha mviringo kama puto lenye maji. Kikande kwa viganja, si kwa ncha za vidole, ukielekeza nguvu nyuma, upande wa mkia. Mkojo ukianza kutoka usiachie. Endelea na mkandamizo ule ule mpaka mkondo ukatike, pumzika kidogo, kisha rudia. Paka anatosha mkono mmoja, gumba upande huu na vidole upande ule. Kibofu kilichokwisha huhisi kama mfuko mtupu.

Mkojo ukigoma, usiongeze nguvu, kwa sababu kibofu kinaweza kupasuka. Kuna dawa za kulegeza misuli ya njia ya mkojo, na kuna mpira wa kutolea mkojo, na vyote ni kazi ya daktari wa mifugo. Usikubali pia kuondoka na sindano ya antibiotiki kila mkojo unaponuka. Omba mkojo upimwe kwanza, ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inawaua. Antibiotiki za kubahatisha ndizo zinazotuletea mbwa ambao hakuna dawa inayowafaa tena.

Halafu kuna wanaopunguza maji ya kunywa ili mbwa asilowe. Kwa joto la Dar es Salaam huo ni ukatili hata kama nia ni njema: mkojo unakuwa mzito, unaunguza ngozi, na maambukizi yanapata mwanya. Maji yawepo muda wote. Cha kuongeza ni idadi ya kukamua.

Pampasi nayo inaficha tu. Itoboe tundu la mkia, mvishe kwa saa chache baada ya kukamua, kisha ivue. Ngozi iliyoloa hubabuka, inzi hutaga, na funza wanaweza kutokea ndani ya siku moja, hasa wakati wa masika. Kila jioni osha mapaja kwa maji na sabuni laini, kausha kabisa, paka mafuta ya mgando kidogo. Krimu za watoto zenye zinki usipake, kwa sababu mbwa atailamba na zinki ni sumu kwake. Kagua nyonga, makalio, visigino na migongo ya vidole, yaani kila pahali mfupa unapogusa ngozi. Godoro liwe la sponji nene la sentimita 10 lenye foronya inayofulika, na asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 4.

"Akipata kigari atakuwa huru kutwa nzima"

Mbwa aliye kwenye kigari hawezi kulala chini, na akipinduka hawezi kujiinua. Anza na dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, mahali tambarare, ukiwepo. Akizoea fika nusu saa. Ukimtoa, angalia kinena na kwapa. Wekundu usiofutika ndani ya dakika 20 maana yake kuna mahali panabana.

Aliyevunjika uti wa mgongo asipandishwe kigarini mpaka mfupa ushike, kwa kawaida wiki 6 hadi 8 za kukaa ndani ya kizimba kidogo. Siku ya ajali abebwe juu ya ubao, si kwa kushikwa makwapa.

Ukitaka kutengeneza kigari, vipimo vichukuliwe mbwa akiwa ameinuliwa kana kwamba amesimama, mgongo ukiwa sawa: kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa paja, kutoka nyuma ya bega hadi shina la mkia, upana wa nyonga, mzingo wa kifua, na uzito. Kwa mbwa wa kilo 10 hadi 20, bomba la plastiki la robo tatu inchi linatosha, na kwa paka na watoto wa mbwa nusu inchi. Pangilia kwanza viungo vyote bila gundi, mjaribishe, ndipo ugundishe. Ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu, ikae chini ya nyonga au mbele yake kidogo. Ikirudi nyuma sana, uzito wote unalalia mabega. Jaribu hivi: mbwa akiwa ndani, inua fremu ya mbele kwa kidole kimoja. Ikiwa nzito, sogeza ekseli mbele. Mikanda iache nafasi ya vidole viwili, na kiti kisifunike sehemu za siri.

Magurudumu ndiyo watu hukosea zaidi. Vile vidogo vya begi la safari huzama kwenye mchanga wa Kigamboni na kukwama kwenye kokoto za mitaani. Mwambie fundi baiskeli akutafutie ya kipenyo cha sentimita 25 hadi 30, na yapanuke kidogo kwa chini ili kigari kisipinduke kwenye kona.

Wengine huogopa kwamba kigari kitamfanya mvivu. Miguu ikiwa bado ina nguvu kidogo, iache iguse ardhi na ifanye mazoezi. Isiyo na nguvu kabisa ndiyo inayoning'inizwa. Paka wengi hawahitaji kigari kabisa. Hujivuta vizuri ndani ya nyumba yenye sakafu laini.

"Nikimfinya anavuta mguu, kwa hiyo anahisi"

Kuvuta mguu hutokea hata uti wa mgongo ukiwa umekatika, maana amri haitoki kwenye ubongo. Tazama kichwa. Anayehisi atageuka, atalia au atataka kung'ata. Asiyehisi kabisa baada ya kugongwa, matumaini ya kutembea tena ni madogo, na mwenye kumlea aelezwe hivyo waziwazi siku ya kwanza.

"Mkateni, tutamwekea mguu wa bandia"

Mguu wa bandia huvishwa kwenye kigutu. Mguu ukikatwa begani au nyongani, ambako hukatwa mara nyingi, hakuna pa kuuvisha. Wa mbele unahitaji kiwiko na angalau nusu ya mfupa ulio chini yake. Wa nyuma unahitaji goti na sehemu ya muundi. Kwa hiyo shauri hili lizungumzwe kabla ya kisu. Mnyama anayekua atahitaji mwingine na mwingine: tembo Mosha wa Thailand, aliyepoteza mguu kwa bomu la ardhini akiwa na miezi 7, amebadilishiwa mara nyingi kadiri alivyoongezeka uzito. Mbwa wengi wa miguu mitatu wako salama bila kitu chochote, mradi wasinenepe. Miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito, kwa hiyo aliyekosa mmoja wa mbele apunguziwe chakula mapema zaidi.

"Panadol kidogo haina neno"

Nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu ya binadamu, nayo huharibu tumbo na figo za mbwa.

"Kapooza tu, hana ugonjwa"

Mbwa asiyejulikana chanjo zake, aliyelegea miguu ya nyuma bila jeraha lolote, huenda ana kichaa cha mbwa. Si kila mwenye kichaa hufoka na kukimbiza watu. Vaa glovu, usimtie mkono kinywani, na mfungie peke yake mpaka daktari wa mifugo amwone. Akikung'ata au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukachanjwe siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.