Sumaku haizungushi vumbi, inapinda mkondo unaolibeba

Ukinyunyiza chembe za plastiki za mikromita chache ndani ya gesi ya arigoni inayong'aa kwa umeme, nyingi hazifiki chini. Zinaelea. Elektroni zina mbio kuliko ioni (atomi zilizopoteza elektroni), kwa hiyo ndizo zinazoiwahi chembe na kuigandia, mpaka inabeba chaji hasi ya maelfu ya elektroni. Juu kidogo ya bamba la umeme lililo chini kuna uga wa umeme unaoiinua, mvutano wa dunia unaivuta, nayo inatulia hapo. Mulika leza ubavuni, tazama kutoka juu: zimejipanga kama sega la nyuki. Gesi kama hiyo, yenye elektroni na ioni huru, huitwa plazma; ikibeba chembe, ndiyo plazma yenye vumbi.

Wanafunzi huniuliza: je, tukiwasha sumaku, kila chembe itazunguka duara lake? Wamesoma kwamba chaji ikikatiza uga wa sumaku njia yake hupinda, na ni kweli. Ila tupige hesabu kwanza. Chukua chembe yenye upana wa mikromita 1 na elektroni 2,000, uiweke kwenye Tesla 4 (Tesla ni kipimo cha uga wa sumaku), uga mkali mno. Duara moja lingechukua sekunde 4 hivi. Sasa gesi: hata ikiwa na kanieneo ya paskali 1 tu, atomi zake huidhoofisha kasi ya chembe ndani ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Duara linakufa kabla halijaanza kupinda. Lakini elektroni, kwenye uga huohuo, imebanwa katika duara lenye nusu kipenyo cha mikromita moja na kitu, karibu sawa na ukubwa wa chembe yenyewe!

Basi tuliangalie vumbi kama ngalawa iliyokunja tanga: inakwenda mkondo wa ioni na elektroni unakokwenda. Mwaka 2000 watafiti wa Garching, Ujerumani, walitumia uga wa takriban Tesla 0.014 tu, na fuwele nzima ya vumbi, yaani lile sega la chembe, ikazunguka. Ioni zilizokuwa zikivutwa na uga wa umeme kuelekea pembeni zilipindishwa kidogo na sumaku, zikaanza kulisukuma vumbi kwa ubavu.

Kinachonisisimua zaidi ni kilichoonekana katika Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kwenye MDPX, mtambo wa kuchunguza plazma yenye vumbi ndani ya sumaku kali. Waliweka wavu wa waya juu ya vumbi bila kuligusa. Uga ulipozidi Tesla 1, chembe ziliacha sega la nyuki zikajipanga kwa miraba, kwa vipimo vya matundu ya wavu ule. Kwa maoni yangu, maelezo yaanzie kwenye elektroni: zimefungwa kwenye mistari ya sumaku, zinapanda na kushuka lakini kwenda kando haziwezi. Umbo la wavu linashuka nazo, kama dirisha la nondo linavyotupa miraba yake sakafuni jua likiwaka.