Mchicha hauna shida, shida ni vumbi la gunia

Juzi tena nimepigiwa simu, dada mmoja ananiuliza perlaiti, zile chembe nyeupe tunazopandia mboga badala ya udongo, haitaingia kwenye mchicha watoto wakapata kansa? Jamani hapana. Perlaiti ni kioo cha volkano kilichochomwa kikafura kama bisi, na mizizi inanyonya maji na virutubisho, haili vipande vya kioo. Nikamuuliza, gunia lenyewe ulilimwagaje? Akasema kwenye beseni, jikoni, dirisha amefunga sababu ya upepo, mtoto mgongoni.

Hapo ndo roho iliniuma. Watu wanaogopa sahani wanasahau kifua. Perlaiti, pumisi ya Naivasha (yale mawe mepesi ya volkano), rokiwuli (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa), hata kokopiti, makumbi ya nazi yaliyosagwa, mnayosema ni ya asili, vyote vikiwa vikavu vinatoa vumbi, na vumbi la asili nalo linakohoza vilevile. Toka nje, simama upepo ukupitie ubavuni, toboa tundu dogo juu ya gunia, mimina maji mpaka yachuruzike chini ndo ufungue. Na barakoa vaa.

Sasa rokiwuli, maana hapa ndo nachoka kabisa. IARC, wale watafiti wa saratani wa WHO, mwaka 1988 waliiweka kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani, halafu 2002 ikahamishiwa kundi la 3. Wauzaji wanaisoma hiyo kama cheti cha usalama. Sio cheti! Kundi la 3 maana yake ushahidi hautoshi kuipanga kwingine, basi. Mimi mwenyewe bado nasita nayo, naikata ikiwa imelowa, glavu mkononi, na ikichakaa sijawahi kuridhika na mahali pa kuitupa.

Kuna na vemikulaiti, madini ya magamba yaliyochomwa yakafura, nayo ya kupandia. Ile iliyojulikana sana kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazoleta saratani, ilitoka mgodi wa Libby, Montana, Marekani, uliofungwa 1990, kwa hiyo sio kila vemikulaiti ni ile, ila gunia lisiloonyesha limetoka wapi mimi sinunui. Chumvi ya kokopiti inaunguza miche, sio wewe, ioshe mpaka EC, yaani kipimo cha chumvi, ya maji yanayotoka ishuke, tuendelee.

Yule dada nimemwambia amtoe mtoto kwanza, afungue dirisha, beseni alinyunyizie maji taratibu, na ule unga mweupe sakafuni aupanguse kwa tambara bichi, asifagie kabisa, maana ufagio unaurusha wote juu tena.