Ini Lisilo na Nyongo

Kila Ramadhani ikikaribia, hunijia ujumbe uleule wa sauti kwenye WhatsApp. Mtu asiyejulikana, ananong'ona kama aliyejificha nyuma ya pipa, anasema mjini kuna mishkaki ya punda. Mara ya mwisho niliupata kutoka kwa watu watano, mmoja wao shangazi yangu wa Wete. Yeye akaongeza lake: "Dokta, hebu twambie, maana wewe ndiye unayeziona kabla hazijafika sokoni."

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Unguja. Alfajiri nyingi za maisha yangu zimepita machinjioni, viatu vya mpira miguuni na kisu cha ukaguzi mkononi. Sijawahi kukuta punda aliyechinjwa. Lakini swali la shangazi si la kijinga, na jibu lake ni refu kuliko ndiyo au hapana.

Mzoga ukiwa mzima, mkaguzi hadanganyiki. Ng'ombe ana mbavu 13 kila upande. Farasi na punda kwa kawaida wana 18. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, wenzake wana tumbo la chumba kimoja. Na ini ndilo linalosema kweli kuliko yote: la ng'ombe lina kifuko cha nyongo, la farasi na punda halina kabisa. Nyama yao ni nyekundu iliyokoza, mafuta yao laini yenye umanjano, na ukiila ina utamu fulani kwa sababu ya glikojeni, yaani sukari ya akiba, iliyo nyingi kwenye misuli. Ndiyo maana tunang'ang'ania kuuona mzoga pamoja na viungo vyake vya ndani. Nyama ikishatolewa mifupa, ikasagwa, ikatiwa tangawizi na pilipili manga, macho yangu hayana tofauti na ya shangazi. Hapo kilichobaki ni maabara ya vinasaba. Kwa hiyo nilimjibu: ukinunua nyama, uliza mhuri. Mishkaki iache, haina la kukwambia.

Wazungu walilijua hilo kwa aibu. Tarehe 15 Januari 2013, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza kuwa imepima baga za ng'ombe kutoka madukani na kukuta vinasaba vya farasi. Baga moja iliyokuwa ikiuzwa Tesco ilikuwa na nyama ya farasi kiasi cha asilimia 29. Wiki chache baadaye kashfa ilikuwa imeenea nchi kibao za Ulaya. Wengi walikumbuka kinyaa tu. Farasi huliwa Ufaransa, Italia na Ubelgiji bila mtu kushtuka, kwa hiyo nyama yenyewe haikuwa sumu. Sisi wa fani hii tulishtushwa na karatasi: hakuna aliyeweza kusema wale farasi walikuwa wa nani, wala walidungwa nini.

Ipo dawa ya maumivu inayoitwa fenilbutazoni. Farasi mwenye mguu unaouma hupewa, na humsaidia sana. Kwa binadamu, hata kama ni mara chache, inaweza kuufanya uboho wa mifupa uache kutengeneza damu. Kwa hiyo Ulaya farasi aliyewahi kuipata haruhusiwi kuwa chakula maisha yake yote. Si siku 28 kama mnavyosubiri kwa ng'ombe aliyechomwa antibayotiki. Ni milele. Kila farasi kule ana pasipoti yake inayoandikwa hayo, na biashara nzima inasimama juu ya kile kijitabu. Kikighushiwa, hakuna tena sheria. Mwanzoni mwa 2015 Ulaya ilizuia nyama ya farasi kutoka Mexico, kwa sababu kumbukumbu za dawa za wanyama wale hazikuaminika.

Wengi wa wale farasi walikuwa wametoka Marekani, na hapa pana funzo ambalo wapenda wanyama hawalipendi. Viwanda vya mwisho vya kuchinja farasi Marekani, vya Texas na Illinois, vilifungwa 2007. Watu walishangilia. Farasi hawakuacha kuchinjwa. Walipakiwa malorini kwenda Canada na Mexico, safari ndefu zaidi, mbali na macho ya wakaguzi wa nchi yao. Siombi viwanda virudi. Nasema tu kwamba ukifunga mlango wa mbele bila kuangalia wa uani, mnyama ndiye anayetembea.

Sasa nyumbani. Nyama ya punda wa kufugwa kwetu ni haramu, ilikatazwa siku ya Khaybar, na hilo kila mtoto wa chuoni analijua. Wasilolijua wengi ni kwamba hadithi hiyohiyo, iliyopokewa na Jabir bin Abdillah, iliruhusu ya farasi, na madhehebu ya Shafi yanaifuata. Nikilisema barazani watu hunitazama kama niliyetukana. Mengine nawaachia masheikh. Mimi nataka kuonyesha kitu cha kazini kwangu: kwa kuwa punda haliwi, hakuna anayeandika anapewa dawa gani, hana siku za kusubiri, hana daftari. Upande wa mlo hilo halina madhara. Upande wa ngozi lina madhara makubwa, maana akichukuliwa hakuna karatasi inayosema alikuwa wa nani.

Ngozi ya punda huchemshwa China ikatoka jelatini inayoitwa ejiao, dawa ya asili na siku hizi pia kitu cha urembo. Punda wa huko walipopungua, wanunuzi wakageukia Afrika. Tanzania Bara waliidhinishiwa machinjio Dodoma na Shinyanga. Kenya ilikuwa na manne, na taasisi yake ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu punda zaidi ya 300,000 waliochinjwa kati ya 2016 na 2018. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020. Mei 2021 mahakama ikaiondoa marufuku hiyo. Bara nako kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kulizuiwa, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, wakakubaliana kusitisha kwa miaka 15.

Kwa nini punda wanakwisha haraka hivyo? Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, na huzaa mtoto mmoja. Huwezi kumzidisha kama mbuzi. Halafu mwili wake una mtego: akiacha kula kwa hofu, maumivu au kutenganishwa na mwenzake, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na ini hushindwa. Niliwahi kuona lori lenye punda njiani huko Bara, wamebanana, mmoja ameinamisha kichwa bila kugusa majani. Dereva akaniambia yule mpole. Hakuwa mpole. Punda huficha maumivu, na aliyetulia namna ile mara nyingi anakufa.

Mifugo si jambo la Muungano. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Bara, ya 2008, haivuki kisiwa cha Chumbe kuja kwetu. Sisi tuna yetu ya rasilimali za wanyama ya 1999, na tuna bahari, ambayo watu hudhani ni ukuta. Bahari ni barabara. Ng'ombe wanaingia kwa majahazi, na chochote kinachoingia kwa jahazi kinaweza kutoka kwa jahazi.

Farasi wetu ni wachache, wengi wa kupandisha wageni ufukweni Nungwi na Paje. Zamani mbung'o angewamaliza. Tangu alipotokomezwa Unguja katika miaka ya 1990, kwa kuachia madume yake yaliyohasiwa kwa mionzi, farasi amepata nafasi. Lakini farasi huishi miaka 25 na zaidi, na mtalii hapandi aliyechoka. Punda wa gari naye anabeba mchanga na matofali, punda afe mzigo ufike, na akishindwa mwenyewe huja kuniuliza, "Dokta, sasa nimpeleke wapi?"

Hapo ndipo ninapokwama. Nikimlaza usingizi wa mwisho kwa dawa ya pentobabitali, sumu hubaki mwilini, na akizikwa juujuu, kunguru na mbwa watakaomfukua nao hufa. Shimo liwe refu, na kuchimba shimo refu kwenye jiwe la matumbawe ni kazi ya vijana wanne na gharama ambayo mwenye gari hana. Asipoweza, humfungua usiku amwache barabarani, na punda asiye na mwenyewe ndiye rahisi kuliko wote kuchukuliwa na mtu wa ngozi.

Nimeanza kuwaandika. Kila punda ninayemtibu: rangi, kovu, jina la shehia, dawa, tarehe. Wenye magari ya punda hucheka. Mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliniuliza kama nitampa na cheti cha kuzaliwa. Wiki iliyofuata alirudi, kalamu sikioni, kunikumbusha kwamba sindano ya mwezi uliopita sikuiandika.