Mgodi wa Zamani: Pimeni Maji Kabla ya Kuhesabu Dhahabu

Wachimbaji wadogo wa Handeni na Kilindi hutuuliza swali hili mara kwa mara: bei ya dhahabu imepanda kiasi hiki, mbona migodi ya kale iliyofungwa haifunguliwi? Wengine wameshaanza kuingia wenyewe kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyoachwa. Swali lao ni la haki, na linastahili jibu la kina.

Tuanze na sababu za kufungwa. Tangu 1934 hadi 1971 bei rasmi ya dhahabu duniani ilikuwa dola 35 kwa wakia, yaani gramu 31.1. Mishahara, mafuta na vipuri vilipanda, bei ikabaki palepale. Tani moja ya mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikiwa na gramu 5 za dhahabu ilikuwa na thamani ya dola 5 na nusu hivi. Kwa bei ya dola 2,000 kwa wakia, tani hiyohiyo ina zaidi ya dola 300. Mgodi wa chini ya ardhi wa Geita ulifungwa 1966. Kwa hiyo ni kweli kwamba migodi ya aina hiyo iliweza kufungwa huku dhahabu ikiwa bado mwambani.

Sasa tujiulize dhahabu hiyo imebaki wapi. Sehemu yake imo ndani ya nguzo za mwamba ambazo wachimbaji wa zamani waliziacha makusudi ili zishike dari. Ukizikata, unakata kinachokuzuia usifukiwe. Matimba ya miaka hiyo, yaani magogo ya kushikilia dari na kuta, nayo yameoza, hata yale ambayo kwa macho yanaonekana mazima. Ndiyo maana kazi ya mwanzo hufanyika mezani: kutafuta ramani za njia za chini, vipimo vya sampuli na ripoti za uzalishaji. Idara ya jiolojia ilianzishwa Dodoma mwaka 1925, na mrithi wake, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ndiko pa kuanzia kuulizia kumbukumbu hizo. Hata ramani nzuri isiaminiwe yote. Huenda watu waliendelea kuchimba baada ya ramani kuchorwa, kwa hiyo anayesogea kuelekea njia za kale huchoronga matundu marefu mbele yake kwanza, aone kama yatatoa maji.

Maji ndiyo yanayonitia hofu kuliko yote. Njia yenye upana wa mita 2, kimo cha mita 2 na urefu wa kilomita moja inabeba lita milioni 4, nazo zina uzito wa tani 4,000. Mgodi mkubwa una njia nyingi za namna hiyo, ghorofa juu ya ghorofa. Ukilitoboa hodhi kama hilo kwa bahati mbaya, hakuna mbio zitakazokuokoa. Mererani tuliliona Machi 2008, pale mvua kubwa ilipojaza maji mashimo ya tanzanite na kuua makumi ya wachimbaji. Wala kuvuta maji kwa pampu kwa pupa si salama. Maji yaliyojaa shimoni yalikuwa yanasukumana na maji yaliyomo ndani ya kuta. Yakishuka ghafla, ya ukutani yanabaki yakisukuma peke yao na mwamba uliochoka unamomonyoka. Pampu ziende taratibu, kina kipimwe kila siku, na kuta zikaguliwe kadiri zinavyojitokeza.

Halafu maji hayo yanakwenda wapi? Dhahabu na madini ya fedha mara nyingi hukaa pamoja na madini ya salfa, na fedha hupatikana sana palipo na madini ya risasi. Mgodi wa Mukwamba kule Mpanda, uliofikishiwa reli kutoka Kaliua, ulitoa risasi, shaba, fedha na dhahabu kwa pamoja. Madini ya salfa yakikutana na hewa na maji hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha metali zenye sumu. Maji ya rangi ya kutu yasielekezwe mtoni. Huwekwa kwenye mabwawa, yakatiwa chokaa ya kupunguza asidi, metali zikatuama, ndipo yapimwe. Chokaa tunayo hapa Tanga. Mara nyingi kinachokosekana ni bajeti ya kuinunua, kwa sababu aliyepanga mradi alihesabu wakia tu.

Watu wa Jiji la Tanga wasidhani hili ni la wenzao wa bara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dhahabu iliwavuta watu wengi Sakale, huko Amani, kwenye milima inayolisha Mto Zigi. Mto huo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na jiji linakunywa maji yake. Zebaki ya kukamatia dhahabu ikimwagwa kule juu, kijito hakiulizi mpaka wa wilaya.

Kuhusu hewa: ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Madini ya salfa na mbao zinazooza huila oksijeni hiyo, na kaboni dayoksaidi, iliyo nzito kuliko hewa, hutuama chini ya duara. Msitegemee mshumaa kupima hewa. Kaboni monoksaidi ya baruti au ya injini ya petroli haina harufu, na mshumaa utaendelea kuwaka huku mtu anakufa. Tumieni kipima gesi, na injini ya pampu isishushwe shimoni kamwe.

Leseni hutolewa na Tume ya Madini, na mradi mkubwa wa namna hii unahitaji cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na mpango wa kuufunga mgodi, wenye fedha zake, kabla haujafunguliwa. Kijiji kina haki ya kuuliza mpango huo unasemaje.

Na kabla pampu ya kwanza haijawashwa, chukueni sampuli za visima na vijito vyote vya jirani, kiangazi na masika, zipimwe maabara na majibu yabaki ofisi ya kijiji. Bila vipimo hivyo, kisima kikiharibika miaka mitano baadaye, hamtakuwa na cha kuonyesha kwamba maji yenu yaliwahi kuwa safi.