Alfred Kastler: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanafizikia Mfaransa Alfred Kastler alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Jina lake halitajwi mara nyingi, na likitajwa aghalabu huambatanishwa na kazi ya mtu mwingine.

Dhana: Ndiye aliyevumbua leza.

Siye. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman kule California mwaka 1960. Watu huchanganya kwa sababu leza nayo hutegemea atomi kupandishwa ngazi ya juu ya nishati, na ni Kastler aliyeeleza mwaka 1950 namna mwanga unavyoweza kuzipanga atomi upya. Shabaha yake, hata hivyo, ilikuwa rezonansi ya sumaku, yaani namna atomi zilizo ndani ya uga wa sumaku zinavyoitikia mawimbi ya redio.

Atomi nyingi zina usumaku wake mdogo. Ndani ya uga wa sumaku hujigawa katika ngazi za nishati zilizokaribiana mno, na wimbi la redio lenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayolingana na pengo kati ya ngazi hizo huzihamisha kutoka ngazi moja hadi nyingine. Taabu ni kwamba idadi ya atomi katika ngazi hizo hukaribia kuwa sawa, na nishati ya wimbi la redio ni ndogo sana. Katika mvuke mwembamba, ishara ya uhamisho huo hupotea.

Kastler aliangaza mvuke kwa mwanga ambao mawimbi yake yanazunguka upande mmoja. Atomi hupokea mzunguko huo na kurundikana katika ngazi moja. Wimbi la redio likizivuruga, mwanga unaotoka kwenye mvuke hubadilika papo hapo, na mwanga ni rahisi kuupima. Mwanga huohuo unapanga atomi na kuleta habari zake. Sijui wazo jingine la fizikia ya karne ya 20 lililopata mengi hivi kwa vifaa vichache hivi: taa, chupa ya mvuke, koili na kipima mwanga.

Dhana: Ni mtu wa MRI ya hospitali.

Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, husikiliza viini vya haidrojeni mwilini, na msingi wake uliwekwa na Felix Bloch na Edward Purcell mwaka 1946. Njia ya Kastler inatumika zaidi katika saa za atomi za rubidiamu, yaani saa sahihi mno zinazopima muda kwa atomi, zikiwemo zinazobebwa na setilaiti za GPS. Hospitalini imeingia kwa mlango mwingine: gesi ya heliamu-3 iliyopangwa kwa mwanga huvutwa na mgonjwa, kisha picha ya mapafu yake hupigwa.

Dhana: Alikuwa Mjerumani.

Alizaliwa Guebwiller, Alsace, mwaka 1902, jimbo hilo likiwa chini ya Ujerumani. Lilirudi Ufaransa baada ya vita vya 1914–1918, naye akaingia chuo cha École normale supérieure cha Paris mwaka 1921. Hakukimbilia utafiti: alifundisha sekondari Mulhouse, Colmar na Bordeaux kabla ya kuingia chuo kikuu mwaka 1931. Kijerumani hakukiacha. Alitunga mashairi kwa lugha hiyo hadi uzeeni.

Dhana: Alifanya kazi peke yake.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, na tuzo yenyewe imeichochea, maana ilitolewa kwa mtu mmoja. Jean Brossel, aliyekuwa mwanafunzi wake, alitia saini pamoja naye pendekezo la 1949 la kuunganisha mwanga na mawimbi ya redio katika jaribio moja. Akiwa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, kwa mwanafizikia Francis Bitter, Brossel ndiye aliyelithibitisha kwa mvuke wa zebaki. Mwaka 1952, kule Paris, wawili hao na Jacques Winter walionyesha kwa atomi za sodiamu kwamba mwanga unazipanga kweli. Kamati ya Nobel ilipaswa kumtazama Brossel pia.

Kastler alifariki mwaka 1984. Miaka kumi baadaye maabara yao ya Paris ilipewa jina la wote wawili, Kastler Brossel, na ni humo mwanafunzi wao Claude Cohen-Tannoudji alifanya kazi ya kupoza atomi kwa mwanga iliyompa Nobel ya 1997.