Namba 4,294,967,297: inaonekana tasa, lakini si tasa

Dhana potofu: namba kubwa ikikataa kugawanyika kwa namba ndogondogo, basi ni tasa, yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Ijaribu hii mwenyewe. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 zimeshatoka. Tarakimu zake zikijumlishwa zinafika 59, basi na 3 haiingii. Nenda 7, nenda 11, nenda 13: kila mara kuna baki. Wengi wetu hapa tungeweka kalamu chini.

Hata mwanahisabati Pierre de Fermat wa Ufaransa ilimpita. Alikuwa na mfululizo mzuri ajabu: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kipeo, ukiongeza 1, na vipeo vyenyewe vinaongezeka maradufu: 1, 2, 4, 8, 16. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 aliandika kwamba anaamini mfululizo mzima uko hivyo, ingawa uthibitisho hakuwa nao. Namba yetu, yenye kipeo cha 32, ndiyo ya sita. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Chukua karatasi uone. 641 kwenye 4,294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9: 4,489, mara 7, baki 2. Shusha 6, haiingii. Shusha 7, haiingii. Shusha 2: 2,672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1,089, mara 1, na baki ni 448 ileile ya mwanzo! Shusha 7 ya mwisho: 4,487, mara 7 kamili. Jibu ni 6,700,417. Mimi hiyo 448 inayorudi hunifurahisha kila nikiirudia hesabu hii.

Dhana potofu: kuipata 641 kulihitaji kujaribu mamilioni ya namba.

Hapana. Kwanza, hakuna haja ya kuvuka kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 65,536 na ushee. Ukienda kwa mpangilio, 641 ni namba tasa ya 116 tu. Tena Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za aina hiyo zinaanza 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano! Kwangu huo ndio uzuri wenyewe: kabla ya kugawanya, uliza kigawo kinapaswa kufanana vipi.

Dhana potofu: namba ikiwa kubwa, vigawo vyake ni vingi.

12 ina vigawo sita. Hii ya mabilioni ina vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Jirani yake wa nyuma, 4,294,967,296, ana 33.