Juni na Julai bustani ya nyumbani hailali

Jamani hii ya kusema huku Uganda Juni na Julai hakuna kupanda mpaka mvua ya Septemba irudi, tumeisikia toka kwa wazee, na kwa mahindi na maharage ya shambani ni kweli, yale yanategemea mvua. Ila kabustani ka nyuma ya nyumba ni kitu kingine kabisa! Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari, baridi yake haiui mboga, sukuma na kabeji na karoti zinaupenda huo ubaridi, kinachokosekana ni maji tu, so mwagilia asubuhi na ufunike udongo na majani makavu ya migomba. Tena nyanya zinasumbuliwa na ukungu kidogo kuliko wakati wa mvua, mbona hiyo hatuambiani? Kabale, kule milimani kusini-magharibi, usiku ni baridi zaidi, huko nyanya zitachelewa, kabeji hazina shida.